Geuzeni pakiti msome nyuma jamani

Asante mwandishi kwa kuligusa hili la kondomu za mapambo, zile za rangi rangi, za ladha, zinazong'aa gizani, maana wengi tunadhani kondomu ni kondomu tu. Rafiki yangu alipewa moja kama zawadi kwenye sherehe, ina vijipembe vya mpira kichwani, akaja kunionyesha, kugeuza pakiti nyuma kuna maandishi madogo mnoo: ya burudani tu, haizuii mimba wala magonjwa. Na alishapanga kuitumia!! Sio zote mbaya lakini, kuna za ladha na zinazong'aa zimepimwa kabisa, we angalia kama wameandika ISO 4074 (kiwango cha kimataifa cha ubora wa kondomu) na tarehe ya kuisha muda. Alafu za ladha hasa ni za mdomoni, kama zina sukari ukeni zinaweza kuleta fangasi. Na losheni au mafuta ya mgando hapana kabisa, lateksi, ule mpira wa kondomu, inadhoofika ndani ya dakika chache tu na inaweza kupasuka, tumieni kilainishi cha maji au silikoni. Bana ncha hewa itoke, vaa kabla hamjagusana, na mbili kwa pamoja usithubutu zinasuguana zinachanika.