Mnatuonyesha Roboti, Mnatuficha Mnunuzi

Juzi nilikuwa kwenye semina ya ubunifu hapa Dar, zile za kiyoyozi kikali na maji ya chupa ndogo, nikamsikiliza mtoa mada akiimwagia sifa SBIR, mpango wa Marekani wa kufadhili ubunifu wa kampuni ndogo, mpaka muda wa chai. Alikuwa na picha ya roboti ya kufagia sakafu, na nyingine ya roboti ya kutegua mabomu. Serikali ya Marekani ilizipa kampuni ndogo fedha za utafiti, mkaona wenyewe yaliyotokea. Alipofika kwenye mapendekezo akasema nasi tuanzishe mfuko. Mfuko! Mwingine tena!

Hadithi ya roboti ni ya kweli, sina ugomvi nayo. Kampuni ya iRobot ilianzishwa mwaka 1990 na watu wa chuo cha MIT: Colin Angle, Helen Greiner na Rodney Brooks. Ikalelewa kwa fedha za SBIR na za DARPA, wakala wa utafiti wa kijeshi wa Marekani. Mwaka 2002 roboti yao ya PackBot ilikuwa ikitangulizwa mapangoni Afghanistan kabla askari hajaingiza kichwa, na mwaka huohuo Roomba ikaingia madukani kufagia sebule za watu. Mwaka 2011 PackBot zikapelekwa Fukushima, kwenye mionzi ambayo binadamu asingeivumilia. Safi kabisa. Lakini kuna jambo bwana yule aliliruka: jeshi lilizinunua. Lilitoa oda, likalipa, likarudi na oda nyingine.

SBIR iliwekwa kisheria mwaka 1982, Rais Reagan ndiye aliyesaini. Taasisi ya serikali kuu yenye bajeti ya utafiti wa nje inayozidi dola milioni 100 ililazimika kutenga asilimia 3.2 kwa ajili ya kampuni ndogo zisizozidi wafanyakazi 500. Awamu ya kwanza unaonyesha kwamba wazo linawezekana. Ya pili unatengeneza kitu chenyewe. Hayo yote mtoa mada aliyaeleza vizuri. Awamu ya tatu akaipa sentensi moja, kwamba "hapo sasa ndipo biashara inapoanza", akabonyeza slaidi inayofuata.

Jamani, awamu ya tatu ndiyo shughuli yenyewe! Haina hata senti ya SBIR. Pesa inatoka kwa wawekezaji, au kwenye bajeti ya kawaida ya taasisi inayokitaka hicho kitu. Ila sheria imemfungulia mnunuzi mlango: kwa kuwa ulishashindana mwanzoni, taasisi inaweza kukupa mkataba bila kutangaza zabuni upya, na si lazima iwe ileile iliyokufadhili. Tena data zako za kiufundi zinalindwa kwa miaka 20, serikali haina ruhusa ya kuzichukua na kumpa mkubwa fulani akutengenezee wewe njaa. Rudia kusoma hapo, wewe uliyewahi kupeleka andiko ofisini kwa mtu, ukaambiwa "tutakupigia", kisha wazo lako ukalisoma kwenye tangazo la zabuni.

Sasa njoo Gerezani, mtaa wa mafundi hapa Dar. Kuna fundi ninayemfahamu aliyebuni kitanda cha kujifungulia kinachopanda na kushuka kwa kanyagio la mguu. Mama mjamzito hapandi kijistuli, mkunga hainami mpaka kiuno kife. Alishinda tuzo. Akapewa hundi ile ya bango, inayoshikwa na watu wawili, akapigwa picha na mgeni rasmi, akavalishwa na lile fulana. Pesa akaiweka kwenye mabomba, malighafi na vipimo vya TBS, shirika la viwango. Akakipeleka hospitali moja ya serikali, na mganga mfawidhi akakipanda mwenyewe, akalala, akapandishwa na kushushwa kwa kanyagio huku anacheka. Akasema anavitaka.

Wakaenda kwa afisa manunuzi. Leta uzoefu wa miaka mitatu wa kuuza vifaa tiba. Leta hesabu zilizokaguliwa. Leta barua za wateja wawili uliowahi kuwauzia kitanda kama hiki. Kitanda kama hiki! Kimebuniwa jana, serikali hiyohiyo imekipa tuzo kwa kuwa hakuna kingine kama hicho, halafu unamwuliza nani mwingine alishakinunua! Afisa wa watu hakuwa na ubaya, alikuwa anajaza fomu yake. Leo kitanda kiko karakana. Vijana wanakilalia mchana jua likiwa kali, na kwenye vishikio vya miguu wanatundika barakoa za kuchomelea.

Ni sawa na kupeleka posa kwa mbwembwe, ukala pilau la watu, siku ya ndoa ukaingia mitini. Halafu mwaka unaofuata unapeleka posa nyumba ya pili.

Nenda kaone wenzetu wanavyojitutumua kwenye malipo tu. Machi 2019 Jeshi la Anga la Marekani liliita kampuni ndogo New York, zikajieleza mbele ya majaji, na zilizokubaliwa zikasaini mkataba palepale na kulipwa kwa kadi ya benki ya serikali. Kampuni 51, dola milioni 8.75. Mzabuni wa Kitanzania anayesubiri hundi yake ya mwaka juzi na asome aya hii akiwa amekaa.

Ndiyo, najua mtakachosema. Nchi iliyopitia Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme, ina kila haki ya kushtuka ikisikia neno "bila zabuni". Nakubali, kwa shingo upande. Ila ushindani hapa haufutwi, unawekwa mwanzoni, wakati wote wana wazo tu na hakuna mwenye mjomba aliyekwisha kuagiza kontena.

Na huko Marekani kwenyewe si peponi. Kati ya awamu ya pili na ya tatu kampuni zinakufa nyingi mpaka wamepaita bonde la mauti. Ziko nyingine zilizonenepa kwa kushinda ruzuku mwaka hadi mwaka bila kuuza chochote cha maana, bunge lao likagombania namna ya kuzidhibiti, na Septemba 30, 2025 muda wa sheria ukaisha wakiwa bado wanabishana. iRobot yenyewe iliuza kitengo chake cha kijeshi mwaka 2016, na Desemba 2025 ikaomba kinga ya mufilisi huku ikikabidhiwa kwa kampuni ya China iliyokuwa ikiiundia mashine. Mtoa mada hakuwa na slaidi ya hayo.

Kuhusu mabomu: ninaposikia utafiti unasifiwa kwa kuwa jeshi limeununua, moyo haukai sawa. Nasema hivyo na naendelea, kwa sababu sisi hata mnunuzi wa vitanda hatuna.

Nyumbu, kile kituo cha jeshi cha teknolojia ya magari pale Kibaha, nitakiandikia siku yake.

Mtaniambia pia kuhusu ile asilimia 30 ya zabuni inayotengewa makundi maalum kwenye sheria yetu ya ununuzi ya 2023, na Wakenya watanikumbusha AGPO yao ya tangu 2013, mpango wa kuwatengea zabuni vijana, wanawake na wenye ulemavu. Nzuri zote. Ila ninaowafahamu mimi waliopata, wamepata kuuza karatasi, kupika chakula cha semina na kufyeka nyasi. TEMDO ya Arusha inatengeneza vitanda vya hospitali na vichomea taka, haya, pongezi zao. Lakini TEMDO ni taasisi ya serikali. Fundi wa Gerezani hana katibu mkuu wa kumpigia simu afisa manunuzi.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Achaneni na mfuko. Chagueni wizara moja, bidhaa moja, na NeST, mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni, uwe na sehemu ya kifaa kilichoshinda shindano la serikali na kupita TBS, kinunuliwe moja kwa moja, hata vitanda ishirini tu, kwa pesa zilezile za kununulia vitanda. Alipwe ndani ya siku 30. Vikileta shida, vinarudi Gerezani kwa bajaji na vinachomelewa siku hiyohiyo. Vile vya kutoka nje, vilivyorundikwa nyuma ya wodi vikisubiri spea, mnampigia nani?