Picha Ilikuwa Safi, Lakini Mdogo Wangu Hakuwa Yule Yule

Mdogo wangu alikuwa dereva wa bodaboda pale Uyole, Mbeya, na kijiwe kizima kilimjua kwa hesabu. Nani kabakiza mia tano ya juzi, nani kalipia wiki nzima, vyote alivihifadhi kichwani. Mvua za mwanzo zilipoanza, pikapu ikamgonga kwenye barabara ya kwenda Igawilo. Kofia ngumu alikuwa ameitundika kwenye usukani. Akapoteza fahamu kwa dakika kadhaa.

Hospitali walimpiga picha ya CT ya kichwa, ile ya eksirei inayoonyesha ndani ya kichwa kipande kwa kipande. "Mama, mshukuruni Mungu, picha ni safi. Hakuna damu, fuvu halijapasuka." Tukashukuru kweli kweli, na siku ya tatu tukarudi naye nyumbani.

Mwezi wa pili mambo yakaanza kuonekana. Anampakia abiria wa Soweto, akifika Mafiati anamuuliza, "Dada, tunaenda wapi vile?" Chenji anarudisha mara mbili. Watoto wakipiga kelele kidogo anafoka, na yeye hakuwa mtu wa kufoka. Mkewe akaniambia, "Shemeji, huyu siye aliyenioa." Mtaani wakasema bangi, wengine wakasema karogwa. Tulipomrudisha kutibiwa, jibu likawa lile lile: picha ilikuwa safi.

Kipimo cha CT nakiheshimu. Tangu mgonjwa wa kwanza apigwe picha hiyo London mwaka 1971, kimeokoa watu wengi, kwa sababu ndani ya dakika chache kinaonyesha damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, mambo yanayoua usiku huo huo. Hata wiki kadhaa baadaye, kichwa kikizidi kuuma, mtu akitapika au akisinzia ovyo, arudishwe haraka apigwe tena, maana damu nyingine hujikusanya polepole, hasa kwa wazee.

Ila kichwa kinaposimama ghafla, ubongo ndani bado unakwenda, unajipinda, na nyuzi nyembamba za neva zinavutika, nyingine zinakatika. Nyuzi hizo CT haizioni. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huona zaidi, hata vitone vidogo vya damu, lakini nayo inaweza kutoka safi kwa mtu anayesahau jina la mtaa wake. Watafiti wana namna ya kufuatilia maji yanavyopita kando ya nyuzi hizo. Wakilinganisha kundi la majeruhi na kundi la wazima, tofauti huonekana. Kumwambia mtu mmoja kwamba doa hili ndilo linalomsahaulisha bado ni kazi ngumu. Na yupo mwenye kovu kwenye picha anayefanya kazi zake vizuri.

Ndiyo maana nasema kumbukumbu ipimwe kwa kuipima yenyewe. Mtu apewe maneno matano, ayarudie baada ya dakika tano. Achore saa. Atoe saba kwenye mia, kisha saba tena. Halafu aulizwe mkewe, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi haoni alivyobadilika. Karatasi, kalamu na mtu mwenye subira vinatosha kuanzia. Aliyeishia darasa la saba asipimwe kwa mizani ya mwenye digrii. Dereva wa bodaboda aulizwe chenji na njia.

Kwenye kipimo cha fahamu cha Glasgow, chenye alama 3 hadi 15, anayepata 13 na kuendelea huitwa mwenye jeraha dogo la ubongo. Hilo neno "dogo" linaniuma. Kwa neno hilo watu wanaruhusiwa kwenda nyumbani bila tarehe ya kurudi kliniki. Kila aliyepoteza fahamu apewe tarehe hiyo, hata picha ikiwa safi.

Sisi tulikuwa tumekubaliana kuuza magunia ya viazi tumpeleke Dar es Salaam kwa MRI. Kabla hatujauza, tukampata mtaalamu wa afya ya akili aliyekaa naye karibu saa nzima. Kati ya maneno matano alikumbuka moja. Mdogo wangu akanigeukia macho yamejaa machozi, akasema, "Kwa hiyo kaka, si uvivu."

Siku hizi yuko kwenye genge la mkewe, Uyole, na kila deni analiandika kwenye daftari. Pikipiki bado iko uani, imefunikwa turubai. Sijamharakisha.