Bosi, Tumeshafungua

Hakuna maneno yanayomtoa jasho mwenye pikapu kuukuu hapa Kampala kama haya: "Bosi, tumeshafungua." Ukiyasikia kwenye simu, keti kwanza. Gari limepandishwa juu ya magogo, giaboksi iko chini, na kuanzia hapo mwenye kupanga bei ni fundi. Utafanya nini, ulibebe kwa bodaboda?

Tuanze na klachi ya Hilux ya zamani, pikapu ya Toyota; klachi ndiyo inayounganisha injini na giaboksi. Beringi ya klachi inalia ukikanyaga pedali, ukiachia inanyamaza. Beringi yenyewe inaingia mfukoni! Lakini kuifikia lazima propela, mti unaopeleka nguvu nyuma, ifunguliwe, giaboksi ishuke, na kama ni fobaifo, ya kuvuta magurudumu yote manne, transfa inayogawa nguvu mbele na nyuma nayo inashuka. Hapo ndipo mwenye gari anapojifanya mjanja: "Weka beringi tu, sahani bado nzima." Nzima wapi, nayo imelika hadi karibu na ribiti, vile vipini vinavyoshika kitambaa chake cha kusuguana? Mizigo michache ya matoke kutoka Mbarara, klachi inaanza kuteleza, giaboksi inashuka tena, na fundi hatoi punguzo kwa sababu mnafahamiana. Ikishashuka, nunua sahani, presha pleti inayoibana, beringi, na ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) ambayo kila mtu huisahau. Tazama pia sili ya nyuma ya kranki, mhimili mkuu wa injini. Ikivuja, oili italowesha sahani mpya, nawe utarudi kwenye spea za Kisekka kununua vilevile ulivyonunua. Na ukienda Kisekka, nenda na spea ya zamani mkononi; jina peke yake halitoshi, na ukifika umevaa suti, bei nayo inavaa.

Taimingi belti, mkanda unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni, ndiyo kichekesho zaidi. Injini za dizeli za Hilux hizo, 2L, 3L na 5L, zinatumia belti, na Toyota inasema ibadilishwe kila kilomita 100,000. Nyingi zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi ya kukukumbusha. Sisi tunafanyaje? Tunang'oa balbu! Tena odometa yenyewe ilishakufa, kwa hiyo kilomita tunazihesabu kwa imani. Belti ikikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo hedi, kichwa cha injini, lazima ifunguliwe. Belti mpya iende na tensha yake, pamoja na sili za kemshafti (mhimili unaofungua valvu) na kranki ya mbele, maana oili ikiidondokea belti inaila mapema.

Altaneta, inayochaji betri, kwenye injini hizo ina pampu ya vakyumu (ya kufyonza hewa) mgongoni, inayopata oili kutoka kwenye injini. Sili yake ikichoka, oili inaingia ndani ya altaneta na kuharibu kaboni zake za kupitisha umeme. Unabadilisha kaboni leo, chaji inapotea tena, unalaumu betri. Betri haina kosa. Pampu hiyohiyo ndiyo inayosaidia breki, kwa hiyo pedali ikiwa ngumu ghafla, anza kuiangalia hapo.

Halafu kuna fundi anayetoa themostati, mlango unaodhibiti maji ya kupoza injini, "ili injini ipoe." Nani aliwaambia? Themostati ya aina hii ina sahani ya chini inayoziba njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na kwenye mlima ndiyo inachemka kweli. Hedi ikipinda na gasketi yake ikiungua, maji yanaingia kwenye oili, nayo inageuka chai ya maziwa. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni hela ya kutupa; ipelekwe kwanza ikapimwe nyufa na kusawazishwa.

Sasa springi. Mwenye mzigo anakwenda kwa mafundi wa Katwe, anaongezewa majani mawili ya springi nyuma, pikapu inainua makalio, anafurahi. Lakini kwenye Hilux nyingi, kati ya ekseli na fremu kuna mkono mdogo unaoendesha valvu ya breki za nyuma. Nyuma ikiinuka, valvu inadhani gari ni tupu, inapunguza nguvu ya breki za nyuma, wakati umepakia magunia ya viazi hadi juu na unateremka milima ya Kabale. Mkono huo lazima urekebishwe kila springi zinapoongezwa. Muulize fundi kama ameurekebisha. Akikujibu "mkono upi?", chukua ufunguo wako, uondoke taratibu, kwa gia ya pili.