Mwalimu Aliye Ugenini Muulizeni Darasa Lake

Mwalimu wa Amu, yaani Lamu, akienda kusomesha ng'ambo, watu wa nyumbani humuuliza mambo yaleyale: baridi ikoje, mshahara dola ngapi, utarudi lini. Ami atauliza, jirani atauliza, na hata aliyesoma naye chuoni Mkomani, wasioonana miaka, akiipata namba yake ataanzia hapohapo. Habari za wanafunzi wake haulizi mtu. Mimi ni mwalimu, namsemea mwalimu mwenzangu, na naona jambo hili linaumiza kuliko tunavyodhani.

Mdogo wangu anafundisha Hisabati darasa la saba katika shule ya serikali mjini Minneapolis, jimbo la Minnesota. Mimi nafundisha somo hilohilo, Gredi ya 7, hapa Amu. Watoto ni wa umri mmoja, makosa yao ni mamoja, hata visingizio vya kutofanya kazi ya nyumbani vinafanana. Alikwenda kwa viza ya kubadilishana walimu. Viza hiyo ni ya miaka mitatu, huweza kuongezwa miaka mingine isiyozidi miwili, kisha sheria inamtaka mtu aondoke akae nje ya Marekani miaka miwili kabla ya kuomba tena. Kwa hiyo swali la kurudi limeshajibiwa na karatasi. Kumuuliza kila wiki ni kumtonesha kidonda bure.

Nayasema haya sasa kwa ajili ya Machi. Huku kwetu kaskazi inakata, bahari inatulia, joto linabana mpaka watu wanahamia darini kulala. Kule wanangoja majira ya kuchipua, na wengi wetu tukisikia hivyo tunaona maua. Machi ya Minnesota, kwa anavyonieleza, ni matope. Theluji imeyeyuka nusu, marundo yaliyobaki kando ya njia yamekuwa meusi kwa moshi na mchanga, maji ya ziwani bado yana barafu, na maji yaliyoyeyuka mchana hugandana usiku, asubuhi watu wakateleza. Walimu nao wamechoka. Tangu Januari hawajapata likizo ya maana, mitihani ya jimbo inabisha hodi, na watoto waliofungiwa ndani miezi yote ya baridi wameanza kuonja jua. Hawakaliki.

Halafu kuna saa. Jumapili ya pili ya Machi, Marekani husogeza saa mbele: ikifika saa nane usiku huhesabiwa kuwa ni saa tisa. Miaka hii miwili, 2025 na 2026, siku hiyo imeangukia ndani ya Ramadhani. Jumamosi alifuturu saa kumi na mbili na dakika chache, Jumapili akafuturu saa moja na dakika chache. Jua halikubadili mwendo wake, lakini tarawehe ikawa inamalizika saa nne usiku badala ya saa tatu, na kengele ya shule ikabaki palepale ilipokuwa. Saa nzima ya usingizi imekwenda, na hakuna wa kumrudishia. Sisi tunaokaa karibu na mstari wa ikweta, ambao jua letu huchomoza na kutua karibu wakati uleule mwaka mzima, ni vigumu kulielewa jambo hili mpaka tuelezwe.

Na hapo ndipo simu zetu zinapoingia. Saa tatu usiku ya Amu ilikuwa saa sita mchana kwake. Sasa ni saa saba. Wakati ambao Amu imeshafuturu, imeshasali, imekaa barazani na simu mkononi, yeye amefunga na yuko kwenye zamu ya bwalo, akisimamia watoto wa watu wanaokula piza na kumwagiana maziwa. Simu inatetema mfukoni. Asipopokea, Amu inasema ameota mapembe.

Machi ya mwaka jana nilimuuliza wiki hiyo anafundisha nini. Pembe, akanijibu. Na mimi nilikuwa nimefika pembe. Tukakubaliana watoto wake na wangu wapime kitu kimoja: fimbo ya mita moja isimamishwe wima uwanjani, karibu na tarehe 20 Machi, siku ambazo mchana na usiku hukaribia kulingana dunia nzima, na kivuli chake kipimwe jua likiwa juu kabisa. Kwetu hiyo ni kama saa sita na dakika 25 mchana. Kwake, kwa saa iliyosogezwa, ni kama saa saba na dakika 20.

Watoto wangu walitoka na rula zao, wakaizunguka fimbo, kivuli wasikione. Msichana mmoja akalala kifudifudi juu ya mchanga, sare yote vumbi, ndiye aliyekipata: sentimita nne, kimeelekea kusini. Wenzake wakambishia. Wakapima tena, mmoja baada ya mmoja, na kila aliyepima alinyanyuka akiwa kimya. Usiku uleule ikaja picha kutoka Minneapolis. Fimbo imesimama kwenye lami iliyolowa, pembeni kuna rundo la theluji chafu, na kivuli kimelala chini urefu wa karibu mita nzima, sawasawa na fimbo yenyewe. Asubuhi niliwaonyesha. Amu iko nyuzi mbili na kidogo kusini mwa ikweta. Minneapolis iko nyuzi 45 kaskazini, katikati ya ikweta na ncha ya dunia. Wakaichora wenyewe pembetatu yenye pande mbili sawa, na sikuhitaji kuwaambia nyuzi 45 zimetoka wapi. Watoto wa kule nao, walipoiona picha yetu ya fimbo isiyo na kivuli, walimuuliza mwalimu wao kama imechezewa.

Usiku huo nilizungumza na mdogo wangu saa nzima. Baridi haikutajwa, wala dola. Alinieleza jinsi mtoto ambaye tangu Septemba hakuwahi kumaliza zoezi hata moja alivyong'ang'ania kushika futi ya kupimia, akakataa kuiachia. Alinieleza mzazi wa Kisomali aliyekuja kwenye kikao cha wazazi, akasikia mwalimu anatoka Kenya, akamwamkia kwa Kiswahili alichokiokota akiwa kambi ya wakimbizi ya Dadaab, na wakakaa wakiongea mpaka mzazi aliyefuata akakohoa mlangoni. Minneapolis ina Wasomali wengi, na mwaka 2023 ulikuwa mji mkubwa wa kwanza Marekani kuruhusu adhana ya sala zote tano kwa kipaza sauti. Haya yote nilikuwa siyajui, na ningeendelea kutoyajua kama tungeishia kwenye theluji.

Mwalimu huondoka na watoto wa watu kichwani. Nyumbani angewatua njiani: angepita Mkunguni, angemwambia fulani mwanao leo kapata, mwengine angemtania, mzigo ukapungua kabla hajafika kwake. Kule anarudi kwenye chumba cha kupanga, anasahihisha, anajibu barua pepe za wazazi, na hana wa kumwambia kwamba leo yule mtoto amemaliza zoezi. Akipata simu ya nyumbani, anaulizwa bei ya dola.

Najua nitaambiwa dola hizo ndizo zinazolipa ada. Ni kweli. Nyumba yetu imetengenezwa paa kwa mshahara ule, na binti wa dada yetu ameingia sekondari kwa mshahara uleule. Mwenye shida aseme shida yake, ndugu ni kufaana. Ninalolikataa ni mazungumzo yote kuwa hayo. Mtu aliyesomea ualimu, akasomesha miaka visiwani, akapita usaili na makaratasi yasiyoisha, leo kwetu amekuwa mashine ya M-Pesa yenye koti zito.

Na sisi watu wa Amu ndio tungestahili kulijua hili mwanzo. Shule za Faza na Kizingitini, mpaka Kiunga kule mpakani, zimesomeshwa miaka mingi na walimu waliotoka bara. Serikali huwalipa posho ya mazingira magumu, lakini posho haimwamkii mtu asubuhi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, mji wa kaunti yetu upande wa bara, Juni 2014, wapo walioomba uhamisho wakaondoka, na siwalaumu. Waliobaki, baadhi nimefanya nao kazi. Niliona wanachoulizwa: umezoea joto, umezoea boti, utaoa huku? Wachache waliuliza mwanangu anaendeleaje na Kiingereza. Kwa nilivyoona mimi, shule iliyokuwa na wazazi wa namna hiyo, mwalimu wake akienda likizo bara alirudi, na akirudi alikuja na vitabu.

Kwa hiyo mwenye ndugu anayefundisha nje, awe Marekani au Uarabuni, namwomba ajue ratiba yake kama anavyojua ratiba ya boti ya Mokowe. Ajue ni saa ngapi ana kipindi na saa ngapi yuko huru. Ajue anafundisha somo gani. Wapo watu na shemeji zao wako nje mwaka wa tatu, ukiwauliza wanafundisha nini wanasema "wazungu". Na akiuliza, asubiri jibu refu, kwa sababu litakuwa refu.

Si lazima muulizaji awe mwalimu. Wiki hizi darasa la mdogo wangu lilipelekwa kuona miti ya maple ikigemwa. Miti hiyo hutoa utomvu mwishoni mwa baridi, siku ambazo usiku maji hugandana na mchana huyeyuka, na lita 40 hivi za utomvu zikichemshwa hutoa lita 1 ya shira. Mimi niliipeleka darasani kuwa swali la uwiano: nyumba inayotumia nusu lita ya shira kwa kaimati za futari itahitaji kugema lita ngapi? Jibu walilipata upesi. Kilichowashughulisha ni kuni. Lakini mtu aliyezifuatilia lita hizo 40 kuliko darasa langu lote ni mamangu, ambaye amepika shira maisha yake yote. Alitaka kujua sufuria ni ya ukubwa gani, inakorogwa au haikorogwi, na watoto walionjeshwa au walitazama tu. Mdogo wangu ilibidi aende kuuliza.

Simu yetu tumeihamishia Jumamosi, saa kumi na moja jioni ya Amu. Kwake ni saa tatu asubuhi, hana kipindi, hana zamu. Mama sasa anawajua wanafunzi wa Minneapolis kwa tabia zao: yule anayesinzia, yule mtoro, yule anayejua jibu lakini hanyooshi mkono. Jumamosi iliyopita, kabla hatujafika hata kwenye mambo ya Idi, aliuliza huyo asiyenyoosha mkono amefanyaje kwenye mtihani wa majaribio. Amepata 71, mdogo wangu akasema, na papo hapo akaanza kutueleza swali alilolikosa.