Kikombe Kimoja cha Unga, Kikombe Kipi?

Jamani, hivi nani aliamua unga upimwe kwa kikombe? Kikombe kipi? Cha Marekani kina mililita 237 hivi, cha Australia 250, cha Japani 200. Mwandishi wa mapishi hasemi. Anaandika tu "vikombe vinne" na kuendelea na habari zake, wewe ubaki jikoni unakodolea mizani macho.

Halafu wapo wanaokujibu kirahisi: kikombe ni gramu 250. Gramu 250 za nini? Maji, sawa, yanakaribia hapo. Lakini kikombe hicho hicho cha Marekani kikijaa unga wa ngano ni gramu 120 hivi, sukari 200, asali kama 340. Ujazo mmoja, uzito kila mtu na wake!

Na unga wenyewe una vituko. Uchote kwa kijiko taratibu, umimine kikombeni, usawazishe juu kwa kisu: gramu 120. Tumbukiza kikombe mfukoni na kushindilia: unafika 150. Kwa vikombe vinne, tofauti ni gramu 120, yaani kikombe kizima cha ziada ambacho hakuna aliyekuagiza! Keki itaachaje kuwa tofali?

Hata kijiko cha mezani hakijasalimika. Kwingi ni mililita 15, Australia ni 20. Na "kikombe cha karoti zilizokatwa" je? Zimekatwa vipande vya ukubwa gani, ndugu zangu?

Waandishi wa mapishi, tunawaomba: andikeni gramu!