Kamera za Utambuzi wa Sura: Orodha, Kizingiti na Kumbukumbu

Wanaotetea kamera za utambuzi wa sura wana hoja moja wanayoipenda: ukishatoka barabarani, uso wako uko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo hakuna siri iliyoibwa. Ni kweli, ila mpita njia akikutazama anakusahau kabla hajafika kona ya pili. Programu inaugeuza uso wako kuwa safu ya namba, mara nyingi 128 au 512, na safu hiyo inaweza kuhifadhiwa na kulinganishwa na nyuso nyingine mamilioni kwa muda mfupi sana. Nywila ikivuja unaibadilisha. Uso utaubadilisha na nini?

Hata hivyo, si kila kamera ya aina hii inafanya kazi ileile. Simu inayofunguka ikikuona inajibu swali dogo: huyu ndiye mwenye simu au siye? Kamera ya stesheni inamlinganisha kila anayepita na orodha nzima ya wanaotafutwa. Ndiyo maana tangazo la kwamba mfumo una usahihi wa asilimia 99 halisemi mengi mpaka uulize: usahihi wa kazi ipi, na orodha ina watu wangapi?

Chukua vipimo vilivyofanywa na Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza na kutolewa mwaka 2023, kuhusu mfumo unaotumiwa na polisi wa London. Kizingiti cha ufanano, yaani kiwango cha kufanana kinachotosha kupiga kengele, kikiwekwa 0.6, mfumo uliwanasa kama asilimia 89 ya waliokuwa kwenye orodha walipopita mbele ya kamera. Kwa orodha ya watu 10,000, mpita njia mmoja kati ya 6,000 aliitiwa kengele bure. Orodha ikipunguzwa hadi watu 1,000, kosa hilo linashuka hadi mmoja kati ya 60,000. Sasa fikiria mtaa unaopitwa na watu 60,000 kwa siku: orodha ndefu inasimamisha wasiohusika kama 10, fupi inasimamisha mmoja. Na kama siku hiyo wamepita wanaotafutwa wanne tu, kengele nyingi za orodha ndefu ni za uongo, ingawa mashine haijaharibika popote.

Kizingiti nacho kina mambo yake. Ukikishusha unawanasa wengi zaidi unaowataka, na makosa yanapanda. Shida ni kwamba hayapandi sawa kwa wote. Katika vipimo hivyohivyo, kwa 0.6 tofauti kati ya makundi ya watu haikuwa kubwa kitakwimu. Kiliposhushwa hadi 0.56, watu weusi ndio walioitiwa kengele za bure zaidi. Kwa hiyo anayekaa kwenye kompyuta na kusogeza namba hiyo kidogo tu anaamua ni nani watakaosimamishwa barabarani, na wapita njia hawaambiwi.

Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliona matumizi ya teknolojia hii na polisi wa Wales Kusini yalikuwa kinyume cha sheria. Kamera zenyewe hazikupigwa marufuku. Kosa mojawapo lilikuwa kumwachia askari uhuru mpana mno wa kuamua nani aingizwe kwenye orodha na kamera ziwekwe wapi. Nadhani mahakama iligusa penyewe.

Tatizo la orodha halipo kwa polisi peke yao. Rite Aid, maduka ya dawa ya Marekani, yalitumia mfumo huu kuwanasa wezi. Mnamo Desemba 2023 Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliyazuia kuutumia kwa miaka mitano. Picha nyingi zilizoingizwa zilikuwa mbovu, nyingine zikiwa zimepigwa kwa simu za wafanyakazi, na msichana wa miaka 11 alisimamishwa na kupekuliwa kwa kufananishwa kimakosa. Picha yenye ukungu, au ya kamera iliyofungwa juu mno ikaona utosi badala ya uso, haiwi nzuri kwa kuingizwa kwenye programu ghali. Inatoa jibu tu, na jibu likishatokea kwenye skrini mtu huliamini.

Upande wa faida nao usidharauliwe. Jicho la askari ni hodari kwa watu anaowajua, lakini dhaifu kwa mgeni aliyemwona kwenye picha tu. Orodha fupi ya watuhumiwa wa makosa mazito au watoto waliopotea, kwa saa chache, mahali palipotangazwa, na data ya wasiofanana ikifutwa papo hapo, inaingilia faragha kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni utafutaji wa baadaye: video zilizohifadhiwa kwa wiki kadhaa, kisha mtu analeta picha na kuuliza huyu alipita wapi, na nani, siku zipi. Hapo unapata ramani ya maisha ya mtu, kuanzia kliniki hadi msikitini au kanisani. Sheria ya Akili Unde (AI) ya Umoja wa Ulaya inawakataza polisi kutambua watu papo kwa papo hadharani tangu Februari 2025, isipokuwa kwa sababu chache na kwa kibali. Utafutaji wa baadaye haukukatazwa; umewekewa masharti, na kibali chake kinaweza kuombwa hadi saa 48 baadaye. Mimi ningelikaza zaidi hili la pili.

Kasoro ya utafutaji huo ilionekana Detroit, Marekani, mwaka 2020, mwanamume alipokamatwa kwa wizi wa saa asioufanya. Kompyuta ilipewa picha ya mwizi kutoka video ya duka, ikatoa picha ya leseni yake ya zamani ya udereva, ikachanganywa na picha nyingine, akaitwa mtu achague. Aliyechagua hakuwepo dukani. Alikuwa ameona video ileile tu. Kompyuta hutafuta anayefanana na mwizi, kisha shahidi naye anamchagua kwa sababu anafanana na mwizi, na kosa moja linaandikwa kama ushahidi mara mbili. Kwa makubaliano ya mwaka 2024, polisi wa huko hawaruhusiwi tena kumkamata mtu kwa matokeo ya kompyuta pekee, wala kwa uchaguzi wa picha unaofuata moja kwa moja baada yake.