Kibali cha Siku Moja Hakiuzi Shati

Tuchukue kiwanda cha mashati. Mteja wa ng'ambo ameagiza mzigo na meli inaondoka Ijumaa. Vitambaa vimekwama forodhani kwa sababu ya muhuri mmoja, umeme umekatika mara mbili, na jenereta inakunywa dizeli ambayo haikuwemo kwenye hesabu ya bei. Meli ikishaondoka, mwenye kiwanda ana mawili: asafirishe kwa ndege na faida yote iishie kwenye nauli, au achelewe na oda ijayo iende kwingine. Mafundi wake hawana kosa. Kilichomwangusha kiko nje ya ukuta wa kiwanda.

Wanaosema ushindani wa nchi huanzia kwenye mazingira ya biashara wana hoja nzito. Wanauchumi Simeon Djankov, Caroline Freund na Cong Pham walipima siku ambazo mzigo hutumia kutoka kiwandani hadi melini katika nchi 98, wakakuta kila siku inayoongezeka hupunguza biashara kwa zaidi ya asilimia 1. Kwa mazao yanayooza, hasara ni kubwa zaidi.

Lakini kutoka hapo serikali nyingi ziliruka hadi kwenye hitimisho jepesi: fupisha kanuni, mauzo ya nje yatakuja yenyewe. Mizani ilikuwa ripoti ya Doing Business ya Benki ya Dunia, iliyoanza 2003 na kupanga nchi kwa wepesi wa kanuni zake za biashara. Katika toleo lake la 2020, lililopanga nchi 190, Georgia ilikuwa ya 7, Rwanda ya 38, Vietnam ya 70. Kwa orodha hiyo ungedhani viwanda vya simu vingekimbilia Tbilisi, mji mkuu wa Georgia. Lakini Samsung ilishajikita Bac Ninh, Vietnam, zaidi ya miaka kumi kabla. Huko ilipata wafanyakazi wengi waliosoma, unafuu wa kodi, bandari, na wauzaji wa vipuri kusini mwa China, karibu tu. Rwanda ilifanya mageuzi ya kweli, na nisieleweke vibaya, hayakupotea bure; ila kontena lake bado husafiri kwa lori zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kuiona bahari. Hilo halifutwi na fomu ya mtandaoni.

Ripoti yenyewe ilifungwa Septemba 2021, baada ya kugundulika kasoro katika data za matoleo ya 2018 na 2020, zikiwemo za China. Kwa maoni yangu, kashfa hiyo ilificha udhaifu mkubwa zaidi: ripoti ilipima sana kilichoandikwa kwenye sheria. Wanauchumi Mary Hallward-Driemeier na Lant Pritchett walilinganisha siku za kisheria za kupata vibali na siku ambazo kampuni zenyewe zilisema zimetumia. Hazikukaribiana. Ndani ya nchi moja, kampuni moja hupata kibali upesi na nyingine husota miezi. Mwenye kujuana na wakubwa hajali kanuni ni ngumu kiasi gani, na kwake ugumu huo ni ukuta unaomzuia mshindani. Nchi ya namna hiyo itakuwa na matajiri wachache wanaotamba nyumbani, ambao wakitoka nje hawauzi kitu.

Wapo pia wanaolikataa neno lenyewe, ushindani wa nchi. Mwanauchumi Paul Krugman aliandika 1994 kwamba nchi hazishindani kama kampuni. Maisha ya watu huinuliwa na tija yao wenyewe. Nakubaliana naye nusu. Tija ya fundi anayesubiri umeme urudi ni sifuri, hata awe hodari vipi.

Ripoti ya Benki ya Dunia iliyochukua nafasi ya Doing Business, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2024 likiwa na nchi 50, ilitenganisha kanuni na huduma za umma. Kwa wastani nchi zilipata alama nzuri zaidi kwenye kanuni kuliko kwenye huduma. Kwa mwenye mashati maana yake ni hii: sheria ya forodha imekaa sawa, ila mtandao uko chini na ofisa mwenye muhuri ametoka.